Baraka Yenye Anwani

Katika kijiji cha Hatkeo hapakuwa na mtu aliyekunja jani la mgomba kama Mama Keosi. Wengine walikunja, yeye alilibembeleza. Jani lilipinda pembe, likabanwa kwa kijiti cha mwanzi, likafuatwa na lingine, ghorofa juu ya ghorofa, mpaka kwenye sinia ukasimama mnara mdogo wa kijani uliochomekwa maua meupe, nyuzi nyeupe za pamba zikining'inia pande zote kama mvi za ajuza aliyetoka kuoga. Harusi, mtoto mchanga, mgonjwa aliyepona, mkuu wa wilaya anayehamishwa: kote aliitwa yeye. Kwa huyo wa mwisho aliweka maua mengi zaidi, maana furaha ya kijiji ilikuwa kubwa.

Kwa hiyo ofisi ya mpakani ilipotaka kuwafanyia wageni wa ng'ambo sherehe ya kuita roho, Luteni Somphu hakuhangaika kutafuta. Aliegesha pikipiki chini ya nyumba, akavua viatu, akapanda ngazi huku anapiga hodi.

"Mama, Jumanne tuna wageni sita kutoka Thailand. Askari wa mto, kama sisi."

"Wanakula nini?"

"Wanakula tunachokula, ila wao wanatia sukari."

"Hata kwenye saladi ya papai?"

"Kwenye kila kitu, mama."

"Masikini. Basi tuwaitie roho kweli kweli, zitakuwa zimeshawakimbia."

Somphu alicheka mpaka kofia ikamtoka. Alikuwa kijana wa hapo hapo. Mama Keosi alimpangusa makamasi kabla serikali haijampa nyota begani, na hizo nyota hazikumzuia kumtuma achote maji kabla hajaondoka. Akachota.

Katika chumba cha nyuma, saa nne asubuhi, alikuwa amelala mwanawe mwenyewe, Thongdam, mwanamume wa miaka thelathini na moja, mume wa Latsami. Thongdam alisema anavua samaki alfajiri. Kama ni hivyo basi alikuwa mvuvi wa ajabu: nyavu zake zilikuwa kavu na suruali ndiyo iliyolowa. Na chini ya nyumba, nyumba isiyo na nguruwe hata wa dawa, yalirundikana magunia matupu ya chakula cha nguruwe. Mama Keosi hakuuliza. Kuna maswali mzazi huyazunguka kama anavyozunguka shimo la choo: anajua lilipo, haendi kuchungulia. Mara moja tu, pombe ya mchele ilipompanda, Thongdam alimwambia mkewe kwamba siku hizi wanasindikizwa na bunduki kama mawaziri. Mama Keosi alikuwa nyuma ya pazia, anakoroma kwa makusudi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kila kiangazi, Mekong ikishuka, katikati ya mto hutokeza Kisiwa cha Mchanga. Kwa mkataba wa zamani kisiwa ni cha Laos. Askari wa ng'ambo wana boti za kasi na darubini, lakini hawaruhusiwi kukanyaga. Askari wa upande huu wanaruhusiwa kukanyaga hadi wachoke, lakini boti yao moja inakohoa, na mafuta huombwa kwa barua. Wenye mzigo waliielewa jiografia hiyo kuliko walimu. Vidonge vya kulevya vilipikwa kaskazini, milimani, katika nchi ya tatu, vikateremshwa mtoni ndani ya magunia, vikalala kisiwani mbele ya macho ya mataifa mawili, kisha vikavuka. Msimu huu, baada ya vikao na chai nyingi, wakubwa wa pande zote walikuwa wamekubaliana jambo ambalo mtoto angelisema siku ya kwanza: boti za kule, miguu ya huku, waende pamoja.

Ndiyo maana Jumanne ukumbi wa ofisi ukatandikwa mikeka.

*

Kapteni Wirot, mkubwa wa wageni, alikuwa pande la mtu ambaye magoti yake hayakupenda kukunjwa. Alikaa upande kama pikipiki iliyoegeshwa kwenye mteremko, akatabasamu, akawasalimu wazee kwa lafudhi ile ile yao. Bibi yake alizaliwa upande huu, alisema, akavuka akiwa bibi harusi na hakurudi tena.

"Basi wewe ni wetu," alisema Babu Chan. "Tulikuazima tu."

Babu Chan ndiye aliyeghani. Aliwahi kuwa mtawa miaka kumi na miwili. Alikumbuka dua ndefu kama barabara ya Vientiane, lakini miwani yake hakujua alikoiweka, na siku hiyo ilikuwa kichwani. Aliziita roho thelathini na mbili za kila mgeni, moja moja, zirudi kutoka maporini na mashimoni, zirudi mwilini, wali umeiva, mayai yamechemshwa. Kisha akageuka kwa waliokaa.

"Mnaofunga nyuzi, nisikilizeni. Baraka iwe na anwani. Ukiziambia roho 'mlindeni huyu', zitakuuliza: wapi? Lini? Na nani? Roho hazina akili ya kubahatisha, zina utiifu tu. Zitajieni njia."

Watu wakatawanyika kwa magoti, kila mmoja na uzi mkononi. Unamfunga mtu uzi kwenye kifundo cha mkono, unamtakia heri kwa mdomo, na walio karibu wanamshika kiwiko ili heri ile iwapitie nao. Kelele zake ni kama za nyuki: kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza.

Mama Keosi alimfunga Kapteni mkono wa kushoto. "Urudi salama kwa mama yako," alisema, maana njia yake hakuijua. Alipomaliza akamshika kiwiko, kwa sababu Luteni Somphu alikuwa anamfunga wa kulia.

Somphu alikuwa na vikombe viwili vya pombe tumboni na upendo mwingi kifuani. Na alikuwa mwanafunzi mzuri wa Babu Chan.

"Kaka yangu," alisema, anakaza fundo, "keshokutwa alfajiri, tukitoka Kisiwa cha Mchanga, utoke na mikono yote miwili na miguu yote miwili. Na wale wenye bunduki macho yao yaingie ukungu. Na vijana wako wote watano wapande boti wakiwa watano."

Kapteni aliitikia kwa kichwa, macho yamefumbwa, kama ipasavyo.

Mama Keosi aliendelea kushika kiwiko. Kilikuwa cha moto. Keshokutwa ni Alhamisi. Na Alhamisi alfajiri, Thongdam alikuwa ameshamwambia mkewe, ataenda kuvua.

*

Aliporudi nyumbani alikaa jikoni, akaloweka mchele wa kesho, akasahau kwamba ameuloweka, akaloweka mwingine.

Akimwambia Thongdam, Thongdam atawaambia wale, hata asipotaka, maana asipofika watamfuata na watamuuliza. Wakijua, hawatakimbia, watalala mchangani na bunduki zao wangoje boti. Kapteni mwenye magoti mabovu atashuka wa kwanza, kwa kuwa wakubwa wa aina ile hushuka wa kwanza. Somphu atamfuata. Mikono ile ameifunga yeye mwenyewe mchana huu, urudi salama kwa mama yako.

Asipomwambia, mwanawe atakuwa kwenye usukani wa mtumbwi mwembamba katikati ya risasi za nchi mbili.

Latsami aliingia, akaona masufuria mawili ya mchele. "Mama, kuna sherehe nyingine?"

Mama Keosi akamtazama kana kwamba mkwewe amemletea maji jangwani.

"Ipo," alisema. "Kesho. Ya mumeo."

*

"Mimi siumwi," alisema Thongdam Jumatano mchana, amekalishwa mbele ya mnara wa majani na shati safi.

"Nimeota vibaya," alisema mama yake. "Nimekuona umesimama majini bila kivuli."

"Mama, majini nani ana kivuli?"

"Ulianguka na pikipiki mwezi wa kwanza. Roho yako moja imebaki pale kwenye kona. Nyamaza."

"Ibaki. Zinabaki thelathini na moja, zinanitosha."

Majirani wakacheka. Walikuja kumi hivi, kwa sababu ya Mama Keosi na kwa sababu ya kuku wa kuchemsha. Babu Chan akaghani, fupi safari hii, kisha akakumbusha kile ambacho kila mtu alikijua: roho zilizorudishwa ni kama vifaranga vilivyorudishwa bandani, ukifungua mlango mapema zinatoka tena. Aliyefungwa uzi alale nyumbani siku tatu. Asivuke maji.

Thongdam aligeuka, akamtazama mama yake.

"Umenifunga kama ng'ombe," alisema taratibu.

"Ng'ombe hufungwa shingoni."

Nyuzi zikafungwa. Uvue vizuri, upate mtoto wa kiume, pikipiki isikuangushe. Wa mwisho alikuwa Bunmi, jirani wa nyumba ya tatu, mtu mnene wa miaka arobaini, baba wa mabinti wanne, ambaye kijiji kilimpenda kwa sababu hakuwahi kumaliza sentensi bila kuipasua kwa kicheko. Alipiga magoti mbele ya Thongdam, akafunga fundo la kivivu, akainamia sikio lake. Mama Keosi alikuwa ameshika kiwiko cha mwanawe.

"Lala kwa mama, kaka. Kesho usukani nitashika mimi. Mama akisema, amesema."

Hivyo ndivyo Mama Keosi alivyojua kwamba na Bunmi naye yumo.

Bunmi akageuka na kumnyooshea mkono wake mnene. "Na mimi nifunge, mama. Wasije wakasema unapendelea wembamba."

Alivuta uzi kutoka kwenye mnara, akauzungusha kifundoni mwa Bunmi, akaanza fundo. Njia aliijua, na saa, na wenye bunduki pia. Hakuwahi kushika uzi wenye anwani iliyokamilika kama ule. Na mdomo haukufunguka.

"Vipi, mama? Baraka imekwisha?"

"Lala nyumbani, Bunmi," alisema. "Kesho nawe lala nyumbani."

"Hee! Hiyo siyo baraka, hiyo amri ya mgambo!"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama Keosi naye akacheka. Baadaye, katika yote, hicho ndicho alichokikumbuka zaidi: kwamba alicheka.

*

Alhamisi, jogoo wa kwanza alipowika, Thongdam alitoka chumbani viatu mkononi. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Pale ngazi inapoanzia, mama yake alikuwa amelala, amejinyoosha kutoka nguzo hadi nguzo, mtandio wake wa sherehe begani, kama gogo lililozuia mfereji.

"Mama."

"Pita."

"Nitapitaje?"

"Niruke."

Thongdam alisimama. Mtu anaweza kumdanganya mama yake, anaweza kumnunia, anaweza hata kuuza magunia mbele ya macho yake. Kumruka, mguu upite juu ya mwili wake kama juu ya mbwa, hilo mkono wa mtu na mguu wake havijui kulifanya.

"Bunmi hajui kona ya miamba," alisema. "Atagonga. Nimfuate tu nimwelekeze, nirudi."

"Niruke basi."

"Mama, acha utoto! Wale watu siyo wa kuchezea. Nisipoenda nitawaambia nini?"

"Waambie mama yako ni mzee na ana wazimu. Kijiji chote kitakuwa shahidi."

Kwa kawaida angecheka. Aliketi sakafuni karibu na miguu yake, viatu mapajani. Wakakaa hivyo. Mara moja Mama Keosi alifungua mdomo aseme, aseme yote, Bunmi asimamishwe, bado angewahiwa mbio ukingoni mwa mto. Na akilini akawaona wale wageni sita wamekaa mkekani na mayai mikononi, wanatabasamu. Akaufunga. Alfajiri ile aliufunga mdomo mara tatu.

Kisha mtoni zikalia injini ambazo si za Hatkeo, nene, nyingi, zikitokea pande mbili. Zikafuata risasi. Hazikuwa nyingi, kama mtu anapasua mianzi mikavu. Mbwa wote wa kijiji wakaanza kwa pamoja na wakanyamaza kwa pamoja.

Thongdam hakusimama. Aligeuza uso wake polepole kwa mama yake.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia wewe, ungewaambia wao."

"Na Bunmi?"

Mama Keosi alikuwa bado amelala palepale.

*

Bunmi aliokotwa saa sita mchana, kona mbili chini ya kijiji, amenasa kwenye mtego wa samaki. Watu wa mzigo wawili walikamatwa, mmoja alifia mchangani, mmoja alitoroka. Askari mmoja wa ng'ambo, kijana, alipigwa begani. Magunia, kila mtu alisema idadi yake. Bunmi alikuwa ameruka majini mikono mitupu, lakini risasi ndani ya ukungu haitofautishi mtu na mtu. Uzi ulikuwa bado kifundoni, fundo halikulegea. Mama Keosi alikuwa fundi wa mafundo.

Jioni walikuja kumwomba akunje majani ya msiba. Alienda. Alikaa na wanawake wengine kwenye nyumba ya Bunmi, mabinti wanne wamepangana ukutani kwa urefu, akachukua jani la kwanza, na jani likachanika. La pili likachanika. Sengmani, mjane, alimshika mkono.

"Mama, umechoka. Ulimpenda sana."

Hilo lilimuuma kuliko tusi.

Ijumaa adhuhuri wanaume wawili wasiojulikana walisimamisha pikipiki chini ya nyumba. Hawakuvua kofia. Latsami alikuwa anaanika nguo.

"Shemeji, tumesikia mnauza nguruwe."

"Hatuna nguruwe," alisema Latsami.

"Tunajua," alisema mmoja. Aliyatazama magunia, akatazama ngazi. "Mwambie mumeo tumefurahi kusikia alilala vizuri."

Walipoondoka, Thongdam alishuka kutoka alipojificha, juu ya boriti.

"Watu sita tulijua siku ile," alisema. "Watano walikuwepo. Mimi nililala. Mama, hata mimi ningekuwa wao ningesema ni mimi niliyeuza."

"Kimbieni," alisema Mama Keosi. "Wewe na Latsami. Kwa dada yangu, mjini Pakse."

"Nikikimbia watakuja kwako. Kisha kwa Sengmani, watasema alimwachia mumewe afe ili..." Alikuwa anageuza geuza uzi mmoja kifundoni, ule wenye fundo la kivivu. "Ile ilikuwa nafasi yangu, mama. Bunmi alikaa kwenye kiti changu. Siwezi kulala juu ya hilo, hata ukinifunga nyuzi mia."

Latsami ndiye aliyesimama, akaenda kupasi shati jeupe la mumewe.

*

Jumamosi walitembea kwa miguu, mchana kweupe, katikati ya barabara, Thongdam katikati, mama yake kulia, mkewe kushoto. Aliyetaka kuona aone.

Ofisini walikuwapo wote wawili. Kapteni Wirot alikuwa amevuka na barua ya serikali yake kuja kuandika ripoti ya pamoja, nakala mbili, mihuri minne. Luteni Somphu alipomwona Mama Keosi mlangoni alisimama ghafla, kiti kikaanguka.

"Mama? Kuna nini?"

"Nimekuletea mtu," alisema. "Mkalishe."

Thongdam alizungumza muda mrefu. Alianza na mwanzo: nani alimfuata ukingoni mwa mto, lini, alivusha mara ngapi. Akataja ghala lililo juu mtoni, nyumba ya vigae vya bluu, ambako magunia hushushwa kutoka kwenye malori ya mahindi. Akataja majina, na Kapteni akainua kichwa kwa mawili kati yake, kwa sababu yalikuwa majina ya watu wa upande wake. Karani aliandika kwa Kilao, askari wa Kapteni akaandika kwa Kithai. Mama Keosi alikaa kando ya mwanawe, mkono wake umeshika kiwiko chake, kama vile mtu anafungwa uzi.

"Kwa nini hukuwapo kisiwani?" aliuliza Kapteni.

Thongdam alimtazama mama yake.

"Nilimfungia nyumbani," alisema Mama Keosi. "Nilimfanyia sherehe."

"Siku hiyo hasa? Kwa nini?"

Feni ilizunguka, ikakwama, ikazunguka. Mama Keosi hakumtazama Kapteni. Alimtazama Somphu, bila hasira, kama alivyomtazama zamani akiwa na makamasi.

"Luteni," alisema, "siku nyingine ukifunga uzi, nong'ona."

Somphu hakuelewa. Kisha akaelewa. Alishika ukingo wa meza. Kapteni Wirot naye alishusha macho kwenye mkono wake wa kulia, ambako uzi wa Somphu ulikuwa umeanza kuchafuka, halafu kwenye kiwiko chake, kana kwamba vidole vya yule mama bado vipo pale. Kijana wake mwenye bega lililotobolewa alikuwa hospitali ng'ambo, hai. Wangeweza kuwa sita mchangani.

"Andika," alimwambia askari wake, na akamwashiria karani wa upande huu naye aandike. "Andika: mama yake aliota ndoto mbaya."

Kalamu mbili zikaandika.

Somphu ndiye aliyelazimika kusema yaliyobaki. Kwamba kujisalimisha kutahesabiwa. Kwamba ushahidi wake utasomwa nchi zote mbili, na wakubwa wa kule watamwombea. Kwamba sheria ya mzigo kama ule, ambayo hufika hadi kifo, anaijua, na mama anaijua, na yeye Somphu hana uwezo wa kuahidi kitu.

"Sijakuomba uahidi," alisema Mama Keosi.

Mlinzi wa mahabusu akaja na mkasi. Ndani hairuhusiwi kamba, mkanda, wala uzi. Ndiyo sheria, na haina ubaya, watu hujidhuru. Akashika mkono wa Thongdam.

"Mkasi hapana," alisema Mama Keosi.

"Mama, ni sheria..."

"Sheria inasema utoke. Haijasema ukatwe. Baraka haikatwi, inafunguliwa."

Mlinzi alimtazama Luteni. Luteni alimtazama Kapteni. Kapteni, aliyekuwa na safari ya boti saa tisa, alivuta kiti, akaketi, akayanyoosha magoti yake mabovu kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Nyuzi zilikuwa kumi na moja. Mama Keosi alianza na wa kwanza, kwa kucha, na pale kucha zilipokataa, kwa meno. Alimshika mwanawe mkono ulioinuliwa hadi mdomoni kama mtu anayekula kwa kiganja cha mwingine. Kila uzi ulipoachia aliunyoosha, akauweka juu ya goti lake. Ule wake mwenyewe ulimchukua muda kuliko yote. Latsami, mlangoni, alikuwa analia bila sauti.

Wa mwisho ulikuwa wa Bunmi, fundo la kivivu. Ulifunguka kwa kuguswa tu.

"Huo uniachie, mama," alisema Thongdam.

"Hawaruhusu."

"Basi uvae wewe."

Lakini mtu hawezi kujifunga mwenyewe kwa mkono mmoja. Mama Keosi alinyoosha kifundo chake juu ya meza, juu ya karatasi zenye mihuri, na akamtazama Luteni Somphu mpaka akaja. Alikosea fundo, akaanza upya. Alipokaza alifungua mdomo aseme kwa sauti, kwa mazoea, kisha akaufunga. Akainama mpaka kwenye sikio lake.

"Siku atakapotoka mlango huu," alinong'ona, "miguu yako iwe na nguvu ya kuja kumpokea."

Amesema *atakapotoka*. Mama Keosi hakumuuliza kama ni jambo analolijua au ni baraka tu. Alimshika Thongdam kiwiko mara ya mwisho, akakibana, akakiachia. Kisha akakusanya nyuzi kumi kutoka gotini, akazifunga kwenye kitambaa, akamwambia Latsami waharakishe, maana kwa Bunmi siku ya tatu ya msiba ni leo na majani bado hayajakunjwa.